Mkate Uliokataa Kuumuka

Machi 3, Jumatatu
Mvua zimeshuka na zimetukuta hatujajiandaa. Ukuta wa stoo unatoka jasho kama mtu mwenye homa. Nimeshinda nahamisha vitu: magunia ya unga juu ya mbao, sukari ndani ya pipa lenye mfuniko, na hamira, ambayo ilishaanza kushikana mabonge, nimeipeleka, ndani ya kopo lake la bati, kwenye rafu iliyo juu ya tanuri, pakavu kabisa. Wifi amekanda, Mchomaji amechoma, mimi nimeuza. Ndivyo tulivyo kazini: dada wa mume wangu kwenye beseni, Mchomaji kwenye moto, na mimi kwenye dirisha la kuuzia, mwenye mali na mwenye lawama.

Mdogo wangu amehamia kwetu kwa muhula huu. Chumba alichopanga kimeingia maji. Anafundisha saikolojia chuoni na utafiti wake ni jinsi watu wanavyotatua matatizo. Mume wangu kamwambia, "Shemeji, humu ndani umepata maabara." Tumecheka.

Machi 10, Jumatatu
Leo donge halikuumuka. Wifi alilikanda alfajiri, akalifunika, tukasubiri, tukasubiri tena. Lilikaa pale pale kama mgeni asiyejua kuaga. Tulipolichoma lilitoka bapa kama soli ya kiatu. Wifi kaonja, katema. "Wifi, unga huu una unyevu." Labda. Nimesema itupwe yote.

Machi 12, Jumatano
Msambazaji kaleta unga, sukari na hamira, kama kila Jumatano. Mvua.

Machi 13, Alhamisi
Alhamisi Wifi hupumzika, humpeleka mama yao kliniki. Mchomaji ndiye aliyekanda. Mikate imeumuka hadi imevuka kingo za mabati. Watu wamesifia dirishani. Nimefurahi, kisha sikufurahi sana, na sijui kwa nini.

Machi 17, Jumatatu
Bapa tena. Msimamizi wa jiko la shule karudisha trei zote. Hakugomba. Alizisukuma tu kwangu kwa ncha za vidole, na hilo liliniuma kuliko kama angegomba. Wifi anasema ni unga. Nikamwambia unga huu huu Alhamisi uliumuka. Akageukia beseni. Kugeuka kule sikukupenda.

Machi 20, Alhamisi
Wifi hayupo. Mikate mizuri mno.

Moja na moja ni mbili.

Machi 21, Ijumaa
Mikate si mibaya. Leo naona Wifi kaamua kufanya kazi.

Machi 23, Jumapili
Mdogo wangu katuchezesha baada ya chakula. Kaleta ndoo, majagi na makopo ya ukubwa mbalimbali. Kazi ni kupima maji ya kiasi fulani kwa vyombo anavyokupa. Mara ya kwanza nilihangaika, kisha nikaipata: jaza ndoo, toa jagi moja, toa kopo mara mbili, kinachobaki ndicho. Akabadili vyombo. Njia ile ile. Akabadili tena. Njia ile ile. Nikaanza kuringa. Mume wangu akaingia kutoka kazini, viatu vina tope, akaambiwa ajaribu ile ya mwisho niliyokuwa naifanya. Hata hakukaa. Akajaza jagi, akajaza kopo, akachanganya. "Si hii hapa?"

Ilikuwa hiyo hapo. Mimi nilikuwa bado namwaga maji kwenye ndoo.

"Usione haya, dada," mdogo wangu kasema. "Shemeji hakuwa na njia aliyoizoea. Kichwa kikishapata jibu huacha kutafuta." Nilicheka nao. Nikasema mimi ni mtu wa ndoo kubwa, mambo ya vikopo siyawezi.

Machi 25, Jumanne
Jana bapa, leo bapa. Namtazama Wifi. Zamani alikuwa akiimba akikanda, siku hizi haimbi. Akitoka nje kunawa uso hukawia. Leo nilipoingia ghafla aliacha kuongea na Mchomaji. Mwaka jana aliwahi kusema kwa utani kwamba siku moja atafungua tanuri lake mwenyewe. Utani wa mtu ndio moyo wake.

Nimemwambia mume wangu. Kasema, "Dada yangu ndiye aliyekufundisha kukanda." Nikamwambia aliyekufundisha kupika ndiye anayejua pa kuzidisha chumvi. Aligeukia ukuta.

Machi 28, Ijumaa
Mikate mizuri. Mvua ya mawe imepasua kioo cha mbele cha duka.

Aprili 2, Jumatano
Asubuhi donge lilikataa. Foleni ilishajaa dirishani, wanaokwenda kazini na wanaopeleka watoto shule, miavuli imegusana. Nilikuwa nimeshawaambia wasubiri. Dirisha lile ukisimama nje unaona mpaka ndani, beseni, meza, tanuri, vyote. Sikulifunga.

Nikasema, "Wifi, unatia nini kwenye unga wangu?"

Alidhani ni mzaha. "Natia ulichonipa."

"Basi kwa nini Alhamisi ukiwa hupo unga unaumuka?"

"Hata mimi najiuliza. Tukae, wifi, tuangalie pamoja. Mimi nadhani ule unga—"

"Unga, unga, kila siku unga! Mchomaji akiukanda si unga?"

Mchomaji akainama kwenye kuni zake kana kwamba anatafuta kitu kilichoanguka.

Mkoba wa Wifi huning'inia kwenye msumari nyuma ya mlango. Leo niliuona umetuna. Naandika ilivyokuwa: sikufikiri. Nilikuwa na jibu tayari na nilitaka tu kulishika mkononi. Nikauteremsha.

"Wifi, usiufungue," akasema kwa sauti ya chini sana.

"Kwani una nini?"

Nikaumwaga mezani, juu ya unga. Vikatoka kitambaa cha kichwa, kitana, vidonge vya presha vya mama mkwe, na mikate miwili ya jana, ile bapa.

Nilitegemea nini? Sijui. Kitu chochote. Lakini mdomo wangu ulikuwa umeshatangulia mbele. "Kumbe na wizi juu!"

"Ulisema itupwe."

"Nilisema itupwe, sikusema ibebwe."

"Mama huiloweka kwenye chai," Wifi akasema. "Anasema si mibaya."

Mtu mmoja kwenye foleni akacheka. Mwingine akamwambia nyamaza wewe. Wifi akarudisha vitu vyake mkobani kimoja kimoja, akivipangusa unga. Mikate aliiacha. Akanawa mikono mpaka viwikoni, akavua aproni, akaikunja vizuri kama mtu anayerudisha nguo ya kuazima.

"Haya, wifi," akasema. "Umeshapata ulichotafuta."

Akatoka kwa mlango wa mbele, katikati ya wale watu, na wakampisha.

Mume wangu nimemweleza aliporudi. Nilianza na mikate na kuishia na Alhamisi, nikauruka mkoba. Lakini habari ilikuwa imeshamfikia njiani. Aliniuliza swali moja tu: "Angekuwa dada yako, ungeufungua?"

Aprili 5, Jumamosi
Tangu aondoke Wifi, mikate inaumuka. Alhamisi vizuri, jana vizuri, leo inaridhisha. Nilijua.

Aprili 7, Jumatatu
Bapa.

Nimekanda mwenyewe, kwa mikono yangu hii.

Aprili 8, Jumanne
Bapa. Nimewaza kwamba aliacha kitu ndani ya magunia kabla ya kuondoka. Nimemwambia Mchomaji amwage gunia zima mtaroni. Kaniuliza, "Zima, bosi?" Nikasema zima. Mvua imelikoroga, mtaro wote umekuwa uji, watoto wanaruka kwa furaha. Mdogo wangu alisimama kizingitini akanitazama. "Dada, unatafuta sababu, au unamtafuta Wifi?" Nikamwambia chuo chake kiko upande ule.

Mume wangu amekula kwa mama yake tena.

Aprili 10, Alhamisi
Mizuri. Sielewi. Sitaki kuelewa.

Aprili 14, Jumatatu
Imekuwa hivi.

Mdogo wangu alikuwa amebakiza mtu mmoja wa utafiti, na mtu huyo kaugua. Akaniomba. Kazi yenyewe nyepesi: fanya shughuli yako ya kila siku, na kila kinachokupitia kichwani ukiseme kwa sauti. Usieleze, usitoe sababu, sema tu. Ukinyamaza, yeye atakwambia "endelea kusema," na zaidi ya hapo hatatia neno. Nilikubali kwa sababu wiki nzima sijazungumza na mtu.

Nikaanza kukanda, naropoka kama mwendawazimu. "Napima unga. Mgongo unauma. Mvua imeanza tena. Natia chumvi. Nawaza mume wangu atakula wapi leo. Maji vuguvugu, nayajaribu kwa kiwiko, Wifi ndiye aliyenifundisha kwa kiwiko. Nanyoosha mkono juu nachukua hamira, hapana, kitambaa kwanza, nachukua kwa kitambaa maana kopo ni la moto, nafungua—"

Nikasimama.

"Endelea kusema," akasema.

"Kopo ni la moto."

"Endelea kusema."

"Kopo ni la moto na hamira imo ndani. Hamira ni kitu hai. Maji yakizidi joto inakufa, ndiyo maana tunajaribu kwa kiwiko." Nikamtazama. Alikuwa ameweka kalamu chini, macho yamemtoka, lakini hakuvunja sharti lake. "Endelea kusema, dada."

"Nimeipika," nikasema. "Mwezi mzima naipika."

Nikakaa juu ya gunia. Yakaanza kuja yote kwa pamoja, bila kuyaita. Jumatano msambazaji analeta hamira mpya, tunaitia kopo lile. Alhamisi bado ni nzima. Ijumaa bado. Jumamosi imeanza kuzimia kwa moto na mvuke wa tanuri, Jumatatu ni maiti. Wifi hakuhusika na Alhamisi, ila tu kwamba ndiyo siku yake ya kliniki. Na Ijumaa! Ijumaa zote mikate ilikuwa mizuri, na kila Ijumaa kabla hajaondoka aliyekanda alikuwa Wifi. Ijumaa zilipita mbele ya macho yangu moja baada ya nyingine na sikuiona hata moja. Ile niliyoiona, nilisema kaamua kufanya kazi.

Sote tulikuwa tukilishika kopo lile kwa kitambaa, kila siku. Mkono ulijua. Kichwa hakikuuliza mkono.

Na rafu ile, nani alichagua rafu ile? Nilijisifu hata, siku ile ya mvua za kwanza.

Aprili 15, Jumanne
Ili nisibaki na pa kujificha, nimejaribu. Bakuli mbili, maji yale yale, sukari ile ile. Moja hamira ya rafuni, nyingine ya pakiti mpya niliyonunua dukani. Ya pakiti ikafanya povu likapanda. Ya rafuni ikakaa chini kama mchanga. Mchomaji katazama moja, katazama ya pili, kisha kavua kofia yake, akaivaa tena.

Aprili 18, Ijumaa
Hamira iko kwenye kopo jipya, kabatini nyumbani. Mikate imeumuka siku zote hizi. Kila mkate mzuri unaotoka ni kofi.

Sijaenda kwa Wifi. Jumatano nilisema mvua. Jana nilisema atakuwa kliniki. Leo nilivaa, nikafika kwenye kona ya mtaa wao, nikamwona kwa mbali ananing'iniza nguo chini ya paa, nikageuka kama mtu aliyesahau kitu nyumbani.

Mdogo wangu ananipoza. Anasema si ubaya, ndivyo akili za watu zilivyoumbwa: jibu la kwanza hukaa kwenye kiti, na kila ushahidi ukija huambiwa upige magoti mbele yake. Anasema hata madaktari, hata mafundi, hata maprofesa. Nimelala na maneno hayo kama mtu na blanketi. Jumapili nitayapeleka kwa Wifi.

Aprili 20, Jumapili
Nimeyapeleka.

Nilimkuta anamenya viazi ukumbini, mama mkwe kwenye kiti chake karibu na dirisha. Nikawaamkia. Mama mkwe kaitikia marahaba ya mbali. Wifi kanisogezea kiti, kwa sababu amelelewa vizuri, si kwa sababu nyingine.

Nikamweleza yote, kopo, rafu, joto, Jumatano, Ijumaa. Alisikiliza hadi mwisho, kisu kinazunguka kiazi bila ganda kukatika.

"Kwa hiyo ilikuwa hamira," akasema.

"Ilikuwa hamira. Ilikuwa mimi."

Akatikisa kichwa, nusura atabasamu. "Na mimi mwenyewe nalishika kopo lile la moto kila siku, nalia unga, unga. Tulikuwa wajinga wawili, wifi. Hilo halina neno. Hilo nimesamehe kabla hujakaa."

Hapo ningenyamaza. Lakini nilikuwa na blanketi langu, nikalitandaza. Nikamwambia anavyosema mdogo wangu, kwamba ni akili tu, kwamba akili ya binadamu ikishapata jibu haitazami kando, kwamba hata madaktari.

Wifi akaweka kisu chini.

"Akili ndiyo iliyoufungua mkoba wangu?"

Nikainama kutazama maganda ya viazi, naye akaendelea.

"Kukosea ni kukosea, hata mimi nimekosea. Lakini nilikwambia usiufungue. Nilikuomba. Na hukunifanyia chumbani, ulinifanyia dirishani, vidonge vya mama vinagaragara kwenye unga, watu wanatazama. Yule aliyecheka ni jirani yangu. Sasa kila nikipita anauliza kama leo nimebeba."

Mvua ikaongeza nguvu, ikawa inaingia. Mama mkwe akaomba dirisha lifungwe. Niliinuka, nikiwa mimi ndiye niliye karibu, lakini Wifi akanitangulia, akalifunga, akarudi kwenye viazi vyake. Nikabaki nimesimama katikati ya ukumbi, mikono haina kazi.

"Mama, nisamehe," nikamwambia mama mkwe.

"Mimi mkate nimekula, mwanangu," akasema. "Mwenye kuombwa radhi ni huyo. Na watu wale."

Aprili 21, Jumatatu
Watu wale.

Aprili 22, Jumanne
Nitasema kesho.

Aprili 23, Jumatano
Nilifungua dirisha, nikawaona, nikauza mikate.

Aprili 24, Alhamisi
Nimesema. Nilimwomba Mchomaji asimame karibu nami nisikimbie. Foleni ilikuwa ndefu kuliko siku nyingine, au macho yangu tu. Jirani yake Wifi alikuwepo, wa nne kutoka mbele.

Nikasema, "Ndugu zangu, kabla sijauza. Siku ile hapa dirishani nilimwita wifi yangu mwizi, nikamwaga mkoba wake mbele yenu. Hakuiba. Mikate ile nilikuwa nimeitupa. Na donge lililokuwa haliumuki nililiharibu mimi, kwa kuweka hamira juu ya moto. Yeye hakufanya kosa lolote. Nilimdhalilisha bure."

Nilidhani dunia itasimama. Mzee wa mbele akafuta mvua usoni. "Sasa mama, mkate upo au haupo?"

Upo, nikasema. Nikamuuzia. Masikio yalikuwa yanawaka. Jirani yake Wifi alipofika mbele hakunitazama, akaomba mkate mmoja, akauweka chini ya koti, kisha akasema kwa sauti ya kunung'unika, "Na mimi nilicheka." Akaondoka haraka.

Mume wangu kala nyumbani leo. Aliniongezea maji kwenye glasi kabla sijaomba.

Aprili 30, Jumatano
Hakuna habari kutoka kwa Wifi. Sikustahili habari.

Mei 6, Jumanne
Mdogo wangu anasema muhula unaisha, atahama. Kaniuliza kama anaweza kutumia kisa changu darasani, bila kunitaja. Nikamwambia atumie, ila asiishie kwenye hamira. Afike mpaka mkobani. Akasema somo lake haliendi huko. Nikamwambia basi ndipo linapokatika.

Mei 12, Jumatatu
Alfajiri nimekuta taa ya jikoni inawaka. Wifi amefunga aproni, anajaribu maji kwa kiwiko.

"Nimekuja kukanda," akasema. "Sikuja kuzungumza."

Tumefanya kazi mpaka saa sita kama watu waliokodishwa kutoka miji miwili. Mkoba wake haukuwa kwenye msumari. Ameuacha nyumbani, au ameuficha. Sikuthubutu kutafuta hata kwa macho.

Mei 15, Alhamisi
Kliniki. Mchomaji kakanda. Mikate mizuri, kama jana.

Mei 20, Jumanne
Mvua zinaaga, zinadondoka kwa vituo. Jana usiku ya mwisho mwisho ilipiga upande wa stoo, na asubuhi nimekuta gunia la unga limelowa hadi katikati, uji umetapakaa sakafuni, dirisha la stoo liko wazi, komeo limening'inia.

Nikasimama mlangoni na neno likanitoka lenyewe, kwa sauti ile ile ya siku ile. "Nani—"

Mchomaji akaacha kuni. Mikono ya Wifi ikasimama ndani ya donge.

Hakugeuka. "Malizia, wifi," akasema taratibu. "Nani?"

Sikumalizia. Komeo, upepo, mimi, yeye, sikujua, na kwa mara ya kwanza nilijua kwamba sijui. Uso ulinichoma hadi shingoni. Nikachukua ufagio, nikaanza kuusukuma ule uji wa unga kuelekea nje. Ulikuwa mzito, ukanishinda mara ya kwanza na ya pili.

Nyuma yangu nikasikia mtu ananawa mikono. Kisha Wifi akaja na koleo, akaliegemeza ukutani, akashika upande wa pili wa gunia.

"Shika huko," akasema.